Kura ya Tisa

Waliokuja walikuwa sitini na wawili,
katika kijiji chenye watu mia moja na kumi.
Makoti ya mvua yalitundikwa hata kwenye dirisha,
ukumbi ukanuka sufu iliyolowa
na chai iliyochemka tangu adhuhuri.

Bwana wa kampuni alitandaza ramani:
vizimba kumi na viwili, duara duara,
kama vifungo vilivyoshonwa kwenye shati la maji.
"Ajira tisa," akasema. "Tisa za kudumu."
Akanyamaza hapo, ili namba iogelee yenyewe.

Kura ya tisa ni mimi.
Nne zilisema ndiyo kabla hazijavua kofia,
nne zilisema hapana tangu mwaka juzi,
na mimi, mjane wa Lachlan, mzaliwa wa Pangani,
niliyechaguliwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyejaza fomu,
nilikaa na kalamu isiyotoa wino.

Effie Macphail alisimama. Ana miaka themanini na mmoja
na mitego ya kaa arobaini.
Alisema neno moja: "Chawa." Akakaa.
Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka,
maana kila mtu hapa anajua chawa wa bahari
wanavyomla samaki akiwa hai, kuanzia kichwani,
na dawa inayomwagwa kuwaua
haijui chawa ni nani na kaa ni nani.

Halafu Ruaridh, kijana wa pampu ya petroli,
akasoma kwenye simu, mkono ukimtetemeka:
shule ina watoto saba. Wakibaki watano, itafungwa.
"Mke wangu ni mjamzito," akasema. Hakuendelea.
Hiyo nayo ni hesabu,
na sikuona kosa ndani yake.

Mtaalamu akatutuliza. Mkondo utabeba kila kitu:
kinyesi, makombo, dawa. Maji ni mengi.
Ndipo nikamsikia bibi yangu
akisema ndani ya koo la yule mtu mwenye tai:
bahari haivundi.

Nimekua na methali hiyo.
Tuliitumia kutupa maganda, kutupa majivu,
kutupa hata matusi tuliyotukanana, tukasameheana.
Lakini bibi hakuiona Loch Ardnasgeir,
bahari iliyoingia nchi kavu ikajifungia mlango,
koo lake jembamba, hata feri hubana pumzi ikipita.

Nikauliza: maji haya hubadilika kwa siku ngapi?
Akafunua karatasi. Akafunua nyingine.
"Kumi na tisa," akasema, "kukiwa na upepo."
Na pasipo upepo?
Birika ndilo lililojibu, kwa kuchemka.

Sikuwa na hasira. Niliandike hilo,
maana watu wamesema vingine.
Nilifikiria samaki laki sita
wakizunguka upande mmoja usiku kucha,
kama watu wanaotafuta mlango wa msikiti gizani.
Nilifikiria kitanda kidogo
ambacho Ruaridh amekipaka rangi ya manjano
na kukianika nje ya gereji, kila mpita njia akione.

Walipoita "ndiyo," mkono wangu ulibaki mapajani.
Walipoita "hapana," ulipanda polepole,
kama wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu
ila amechoka kungoja mwingine ajibu.

Asubuhi tangi langu lilikuwa tupu, na pampu ni moja.
Ruaridh akalijaza hadi shingoni.
Akafuta kioo cha mbele, jambo asilolifanya kamwe,
akafuta, akafuta, mpaka kioo kikalia.
Akanihesabia chenji peni kwa peni
kwenye kiganja kilekile.

Nikapanda kilima. Nikasimama pale juu
barabara inapoyaona maji yote kwa pamoja.
Hakukuwa na upepo.